Mashemeji wananicheka kwa tamthilia za Kikorea, niache?

Mdogo wangu, umesema kila usiku, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishalala, unaangalia tamthilia ya Kikorea kwenye simu, na sasa mashemeji zako kwenye grupu la familia wanakuita mtoto mchanga.

Usiache. Hebu nikuulize: huyo shemeji aliyeanza, baada ya isha yuko wapi? Kama nawajua wanaume wa Mjini, yuko barazani anacheza dhumna, kete zinagongwa mpaka kikombe cha kahawa kinaruka, kashata ya pili iko mkononi. Hakuna anayemwambia anapoteza wakati. (Na mimi dhumna nacheza, simsemi kwa ubaya.)

Watu wepesi kusahau. Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, Unguja, alitoka kuuza vyungu akaja mjini kuimba taarab kwa Kiswahili, na wapo waliomkejeli kwa asili yake. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Leo tunajivuna naye sote.

Kwenye grupu usiandike insha ya kujitetea. Ukijieleza sana wataona wamekupata. Jibu mstari mmoja tu: "Kesho nitakuhadithieni kama kaolewa." Usishangae wifi yako akikufuata pembeni kuulizia jina la tamthilia.

Ila kama asubuhi unachelewa kazini kwa sababu ya sehemu moja ya mwisho, hilo si la shemeji, ni la kengele ya simu. Na bando nunua la usiku, mara nyingi huwa nafuu.