Barua kwa mwanangu aliye Dedza, Malawi

Majengo, Mombasa
Machi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako ilinifika Jumatano, nikaisoma kibarazani mara mbili, mara ya pili nikimsomea shangazi yako, naye anakusalimu sana. Sisi tuwazima. Kaskazi inamalizikia, joto ni la kulala mlango wazi, na wewe unaniambia huko milimani unajifunika mablanketi mawili! Nimefurahi kusikia wanafunzi wako wanakupenda na kwamba maabara imepata angalau darubini moja.

Umeniuliza: "Mama, huu mwezi wa sita na bado wananiita mlendo. Nimekosea wapi, na nitaacha lini kuwa mgeni?" Umetaja mengi. Kwenda kwenye mjigo, pampu ya kisima, kuteka maji ni dakika tano, lakini kwa salamu unafika baada ya saa nzima. Watoto wanajipanga dirishani kukutazama ukipika. Jioni kiza kikiingia unajiona uko peke yako duniani. Hayo nitayagusa. Lakini nilipofika kwenye kisa cha majani ya maboga nilisimama kusoma, nikarudi juu, nikasoma tena.

Umesema jirani yako alikuja alasiri na ungo, ndani mna fungu la nkhwani na mahindi mabichi matatu, ya kwanza ya shamba lake. Ukaingia ndani ukatoka na kwacha 2,000. Akazipokea kwa mikono miwili, akakunja goti, akasema zikomo, akaenda zake. Sasa ni wiki ya tatu hajapiga hodi.

Mwanangu, ulimlipa.

Wewe mwenyewe uliniandikia Januari kwamba hii ni miezi ya njaa huko, kwamba mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani na mapya hayavunwi mpaka Aprili, na kwamba baadhi ya wanafunzi wako wanakuja darasani hawajatia kitu mdomoni. Basi mtu anayekuletea mahindi matatu mwezi kama huu hakuletei yaliyomzidi. Amekutolea katika yale aliyowahesabia watoto wake. Alikuwa anakukopesha, mwanangu. Alitaka uwe na deni lake, ili kesho na wewe uwe na sababu ya kwenda kwake, na keshokutwa yeye awe na sababu ya kuja kwako. Wewe ukalifuta deni palepale mlangoni, kama anavyofanya mteja dukani.

Najua uliifanya kwa moyo mzuri. Ulisema nafsini, mimi nina posho yangu kila mwezi, huyu hana, itakuwaje nile chakula chake bure? Sikulaumu. Ila nataka ukumbuke ulikolelewa. Nyumba yetu hii ni vyumba sita na ukumbi mmoja, na Ramadhani ikifika ni nani aliyekuwa akitumwa magharibi na bakuli lililofunikwa kawa, akaambiwa asikimbie asije akamwaga? Ni wewe. Na bakuli la watu lilikuwa halirudi tupu. Likienda na mbaazi, linarudi na kaimati, au ndizi mbili, au hata chumvi ya mkono mmoja. Ulishawahi kuniona nikimlipa Mama wa chumba cha mwisho pesa kwa futari yake? Angeniona nimemtukana.

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka tisa, kwa bibi yangu, upande wa Msambweni. Akaletwa kijana wa Kiingereza wa kujitolea, kufundisha hesabu katika shule ya harambee. Wazee wakampa chumba cha makuti jirani na kwetu. Siku ya pili bibi akanituma nimpelekee madafu mawili. Akatoa shilingi akanitia mkononi. Nikaja mbio kwa furaha, nikidhani nitanunua sukari guru. Bibi akaichukua ile shilingi, akaifunga pindoni mwa leso yake, akasema, "Hii si yetu. Huyu mtoto hajafika bado."

Ikawa hivyo miezi. Akipelekewa mayai, analipa. Akipelekewa muhogo, analipa. Pindo la bibi likawa na fundo kama ngumi. Yule kijana alikuwa mtu mwema, na kazi yake aliijua. Mjomba wako mkubwa alifaulu hesabu kwa ajili yake. Lakini ilikuwa kila anapopita, watu wanaamkiana naye vizuri kisha wanamuacha apite. Masika alipata malaria, wanaume wakampeleka zahanati kwa baiskeli, kina mama wakamkorogea uji. Hata hilo halikubadilisha neno, kwa sababu mgonjwa huuguzwa, awe nani.

Kilichobadilisha ni jioni moja ya mvua. Viberiti vyake vilikuwa vimeloa. Akaja uani kwetu ameshika kifuu, kama alivyokuwa akituona sisi watoto tukienda kuomba moto kwa majirani. Akasema hodi, kwa ile sauti yake. Bibi akachukua koleo, akatoa kaa moja jekundu kutoka mafigani, akaliweka ndani ya kifuu na kulizungushia makumbi makavu. Yule kijana akaanza kupuliza, macho yakimtoka machozi kwa moshi, akasema asante na akaenda, mkono mmoja umekinga kifuu na mvua. Mfukoni hakutia mkono.

Usiku ule bibi alilifungua lile fundo akanipa shilingi zote. Akaniambia kesho nikanunue sukari ya nyumba nzima.

Kwa hiyo unaponiuliza umekosea wapi, jibu langu ni kwamba hujaomba moto. Umekwenda huko na mkono wa kutoa tu. Mahali ambapo watu wanaishi kwa kuazimana, asiyeazima kitu hana mtu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi wakilisema hucheka, kama kwamba ni kumkomoa mgeni. Mimi naona jembe ndilo linalomtoa ugeni. Lakini wewe umefika kwa watu wenye heshima mno, na umekuja na cheo cha mwalimu, hawatakupa jembe kamwe. Itakubidi ulililie mwenyewe.

Na kuna jambo jingine, nalisema polepole. Wewe si mtu wa kwanza wa pwani kufika nchi ile. Karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili walikuwa na makao yao Nkhotakota, ufukweni mwa Ziwa Malawi, chini ya watawala walioitwa Jumbe. Vilivyovushwa ziwa kuja pwani vilikuwa pembe za ndovu na watu. Watu, mwanangu. Sisemi jirani yako anakuhesabia hayo. Nasema mtu wa pwani anayekwenda kule leo na akaweza kukaa kitako akafundishwa na mama wa kijijini, amefanya jambo ambalo wenzetu wa zamani hawakulifanya. Nalitaka hilo kwako kuliko cheti chochote.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukagawa posho yote. Watakuja watu wa kukuomba ada, nauli, pesa ya dawa, na wengine utawaona mara ya kwanza siku hiyohiyo. Hilo si deni la ungo na bakuli, hilo ni jambo jingine kabisa. Mwenye shida ya kweli msaidie unavyoweza, na kwa siri. Asiyekuwa nayo mwambie huna, kwa sauti nzuri, na usijieleze sana. Mfumu, chifu wa kijiji, ulishakwenda kumwamkia ulipofika; ukishindwa kujua nani ni nani, rudi kwake ukamuulize.

Salamu usizifupishe. Mwadzuka bwanji ni umeamkaje, wewe mtoto wa Mombasa salamu ndefu zinakushindaje? Toka nyumbani mapema, basi. Watoto wa dirishani watume: huyu alete kuni, huyu aoshe sufuria, huyu akufundishe kuhesabu kwa Kichewa. Mtoto aliyetumwa haoni haja ya kuchungulia.

Kukiwa na maliro, yaani msiba, nenda. Hata kama marehemu humjui, hata kama una madaftari ya kusahihisha. Uliza kina mama wanapeleka nini, unga au kuni, na wewe peleka vivyo hivyo, usizidishe. Kaa nao chini. Huna haja ya kusema kitu. Upweke wa jioni sitakudanganya kwamba una dawa. Nilipoolewa nikaja mjini hapa kutoka Kwale niliusikia mwaka mzima, saa hiyohiyo ya magharibi, na nilikuwa nchini kwangu. Nilichofanya ni kuhamisha mbuzi yangu ya kukunia nazi kutoka chumbani, nikawa nakunia ukumbini, wanakopita watu.

Kuhusu jirani yako, tafadhali usiende kumwomba radhi, na usimpelekee kilo ya sukari. Ukifanya hivyo utakuwa umemlipa mara ya pili. Nenda kamuombe kitu. Umeniambia nkhwani huko wanaipika na karanga zilizotwangwa, nsinjiro, kama sisi tunavyotia tui kwenye mchicha. Basi nunua karanga, nenda kwake, piga hodi, maana hata wao wanasema odi, kisha mwambie hujui kutwanga na huna mtondo. Na ni kweli hujui, kwako wewe kinu ulikiona kwa shangazi tu. Akikucheka, cheka naye. Akikuazima mtondo, uchukue, na jasho likutoke mpaka usikie mikono.

Ndani ya bahasha hii nimetia iliki, nimeifunga kwa karatasi mbili isivunde. Unga wa ngano, hamira na sukari utapata sokoni Dedza. Tui usihangaike nalo, kandia maziwa. Pika mahamri machache, yasifike kumi, uyaweke kwenye sahani na kitambaa safi juu, umpelekee pamoja na mtondo wake. Lakini usimrudishie siku ileile. Ulale nao kwako, siku mbili hata tatu, mpaka yeye mwenyewe autafute, aje mlangoni kuuliza.

Akija, mkaribishe ndani. Uniandikie alisemaje.

Mamako