Ekzosi mpya, nguvu zimepotea: jeti ipi ibadilishwe?

Mkuu, ekzosi ya wazi imeongeza hewa kwenye hiyo pikipiki yako ya cc 150, mafuta yamebaki yaleyale. Ndiyo maana inakosa nguvu ukifungua mkono wa mafuta mwisho na inalipua ukiachia. Ila kagua kwanza mpira kati ya kabureta na injini. Ukiwa na ufa, kubadili jeti (kile kipande chenye tundu la kupimia mafuta ndani ya kabureta) ni kazi bure.

Funga koki, mwaga mafuta ya bakuli la kabureta, toa jeti kubwa, ile ya mwendo wa juu, usome namba. Ikiwa 95, jaribu 98 au 100. Usirukie 110 eti fundi wa Dar kasema: Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, inataka mafuta pungufu. Wala usitanue tundu kwa waya, utalikwaruza na namba haitakuwa na maana.

Fungua mwisho kwenye barabara iliyonyooka, tuseme kuelekea Magu, shika klachi, zima papo hapo, simama utoe plagi ikiwa imepoa kidogo. Plagi ikiwa nyeupe, ongeza jeti; ikiwa na masizi, punguza; ikiwa kahawia, acha.

Ikiendelea kulipua ukiachia, hapo ni jeti ndogo, ile ya mwendo wa chini, na skrubu yake. Skrubu ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifunga kunaongeza mafuta; ikiwa upande wa injini, ni kinyume.