Mashine ya kuzungusha kwa mkono, virusi vitaingilia wapi?

SWALI: Mhariri mambo, mi nimechoka na hizi kompyuta, kila siku apdeti, kila siku pasiwedi mpya eti iwe na herufi kubwa na namba na alama, sasa nauliza, nikirudi kwenye zile mashine za zamani za kupiga hesabu kwa mkono si hakeri atalala njaa?

JIBU: Wa mtandaoni umemweza kabisa ndugu yangu. Chukua ile ya Blaise Pascal, Mfaransa aliyeanza kuiunda 1642 akiwa bado kijana, amsaidie baba yake mahesabu ya kodi. Ni magurudumu na meno tu, gurudumu likipita 9 linasukuma jirani yake hatua moja, basi. Hamna waya, hamna intaneti, kitakachoingia labda kutu. Na hairudi nyuma ujue, hata kutoa unatoa kwa ujanja wa kujumlisha.

Ila usalama wenyewe sasa, we acha tu. Pasiwedi hakuna, jibu linakaa pale kwenye vidirisha mpaka ulifute, ukienda chooni anayepita anasoma kila kitu bila hata kugusa. Na Curta je, ile ya Curt Herzstark iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940? Kopo dogo lenye mpini juu, linaenea kiganjani. Hapo mwizi anavunja mfumo wa nini, anatia mfukoni anaondoka na mashine pamoja na jibu lake. Bekapu yako ni penseli na karatasi, na hiyo karatasi nayo uifiche.