Windows Ikigoma Kuingia: Kwa Fundi Anayeanza Tanga

Umepiga Windows, imefika katikati ikagoma. Usirudie hapo hapo. Chukua kalamu uandike ilikuwa asilimia ngapi, imetoa namba gani ya kosa, na ilikuwa inafanya nini: kunakili mafaili, kuyafungua, au ndiyo kwanza inawaka upya. Pale ilipokwama ndipo pa kuanzia kutafuta. Kurudia mara tano bila kubadilisha kitu ni kula siku ya mwenye mashine bure, na diski iliyokwisha kuchoka inazidi kuumia.

Namba inayosumbua sana ni 0x80070570. Maana yake kuna faili limeharibika au halisomeki. Wengi hukimbilia kulaumu diski, lakini anza na faili la ISO lenyewe, yaani faili la Windows uliloshusha. Linazidi GB 5, na ukilishusha kwa bando la simu linalokatika-katika linaweza kufika na kasoro. Kwenye kompyuta nzima yenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256; itakupa namba ndefu ya kulitambulisha faili, ulinganishe na ile iliyotolewa na Microsoft. Herufi moja ikipishana, lifute ushushe upya. Likiwa salama, badilisha flashi (GB 8 au zaidi) na uichomeke kwenye tundu jingine.

Bado inagoma? Fungua kasha uitazame ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine). Mji wetu uko baharini, na nyumba za upande wa Raskazone zinapigwa na hewa ya chumvi mchana na usiku. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla hujashika kitu. Ichomoe ramu uielekeze kwenye mwanga. Meno yake yanatakiwa kung'aa rangi ya dhahabu. Ukiona jino limefifia au lina doa la kijani, umeikuta shida. Sugua taratibu kwa kifutio laini cha penseli, mbali na bodi ili vumbi lake lisiingie kwenye tundu, malizia kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, na iache ikauke. Irudishe mpaka vishikizo vilie. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Kisha endesha MemTest86, programu ya kupima ramu, mpaka mwisho. Hata kosa moja tu linatosha kuikataa ramu hiyo.

Kuna mashine inayokubali kila kitu, ikifika kwenye kuchagua diski inasema diski ni ya MBR, mtindo wa zamani wa kuigawa diski. Hapo hakuna kilichoharibika: flashi imewaka kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine), na UEFI inataka GPT, mtindo mpya wa kuigawa diski. Bonyeza Shift na F10, andika diskpart (programu ya kupanga diski), halafu list disk ikuoneshe diski zilizopo. Sasa tulia. Amri ya clean inafuta orodha yote ya sehemu za diski, na picha za harusi ya watu zinaondoka nayo. Chomoa diski zote za nje, soma ukubwa (diski ya GB 500 huonekana kama 465), muulize mwenye mashine mara ya pili kama ana nakala, ndipo uandike select disk na namba yake, clean, convert gpt.

Diski isipoonekana kabisa kwenye laptopu ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, mara nyingi inakosa draiva ya Intel RST, inayoiwezesha Windows kuiona diski. Ishushe kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, iweke kwenye flashi, uipakie hapo hapo kwenye ukurasa wa kuchagua diski.

Ikiwaka upya na kukurudisha mwanzo, chomoa flashi. Basi.

Mpangilio wa BIOS (programu ya kwanza kuamka mashine ikiwashwa) ukijirudia wenyewe, na saa ikarudi nyuma kila umeme ukizimwa, badilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi. Mashine za mtumba zisizo na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) zinakataliwa na Windows 11, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mweleze mwenye mashine kabla hujaanza kazi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usijaribu kuendelea ilipoishia. Futa sehemu za diski zilizotengenezwa kwenye jaribio hilo uanze safi, safari hii kwa UPS (betri ya akiba ya kompyuta), au betri iliyojaa kama ni laptopu.

Ikikubali, izime kabisa, iache nusu saa ipoe, iwashe tena, mara mbili. Ramu yenye meno machafu huweza kukubali ikiwa ya moto na kugoma asubuhi ikiwa baridi.