Nilipata A ya Fasihi Bila Kusoma Riwaya

Wiki jana nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa chuo kikuu. Aliuanza kwa shikamoo, jambo ambalo si la kila siku hapa Nairobi na ambalo lilinifanya nijione nimezeeka ghafla, kisha akaniuliza: "Kaka, nilipata A ya Kiswahili, lakini tangu mtihani uishe sijafungua riwaya hata moja. Nifanyeje ili niipende fasihi?" Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Nimeshindwa, kwa kuwa A hiyo ninayo pia, na najua ilivyopatikana.

Wakati wetu riwaya teule ya mtihani ilikuwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka wa 1980. Nilifanya vizuri sana katika karatasi ya tatu, ile ya fasihi, hata mama akachinja kuku na kuwaita majirani. Jambo ambalo sijawahi kumwambia mama ni kwamba riwaya yenyewe sikuwa nimeisoma. Nilisoma mwongozo, kile kijitabu kinachomchambulia mwanafunzi riwaya nzima kwa ajili ya mtihani. Nilijua wahusika na sifa zao, maudhui, mbinu za lugha, na ile fomula ya muktadha wa dondoo ambayo kila aliyepitia kidato cha nne anaijua: nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi, kwa sababu gani. Niliweza kueleza unafiki wa Bwana Maksuudi kwa hoja sita, ilhali sikuwahi kumsikia akizungumza.

Miaka ya chuo na ya kutafuta kazi nitairuka. Jioni moja ya Aprili mvua ilinikuta Barabara ya Tom Mboya, nikajibanza kwenye kibaraza ambapo mzee mmoja alikuwa akivifunika vitabu vyake vya mitumba kwa karatasi ya nailoni. Kimoja kilichobaki nje kilikuwa Utengano. Nikamwambia, kwa majivuno ambayo bado yananiaibisha, kwamba hicho nakifahamu chote. Mzee hakuinua kichwa.

"Ulilia wapi?" akaniuliza.

Nikatafuta jibu katika maudhui, nikalikosa. Nikatafuta katika mbinu za lugha, nako hakukuwa na machozi. Nilimlipa shilingi 100 nikaondoka mvua ikiendelea kunyesha.

Nakala hiyo ninayo hadi leo. Jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, na ndani yake kuna majina matatu ya wanafunzi, mawili yakiwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu. Pambizoni, mwenyewe wa mwisho ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wa kulala: "jazanda", "kinaya", "swali la insha!!". Penseli inaendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa, kisha inakoma ukurasa wa 41. Baada ya hapo hakuna hata alama ya kidole. Mwenzangu, nadhani, alipata mwongozo.

Nilikisoma ndani ya matatu, asubuhi na jioni, kwenye foleni ya Barabara ya Jogoo ambayo kwa mara ya kwanza maishani niliiombea isiishe. Mara mbili nilipitishwa steji yangu. Nilipofika mahali Bi Tamima, mkewe Maksuudi, anapojifungua, nilifunga kitabu nikatazama nje dirishani kana kwamba kuna kitu cha kutazama, na mama aliyeketi kando yangu akanipa kitambaa bila kusema neno. Niliporudi Tom Mboya kumwambia mzee kwamba nimepata jibu, kibaraza kilikuwa kimejaa viatu vya kina mama, na muuza viatu hakumjua.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa aina inayochosha marafiki. Jumamosi nyingi utanikuta Maktaba ya McMillan, pale Mtaa wa Banda, nikipita kati ya wale simba wa mawe waliouangalia mlango huo tangu maktaba ilipofunguliwa mwaka wa 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusomea humo, na mimi, ambaye naruhusiwa, nilikuwa nimefika umri wa miaka 28 bila kuingia.

Sasa nifikie lile linaloniuma. Nilianzisha chama cha wasomaji: watu tisa, hoteli moja karibu na Barabara ya Moi, chai na mandazi, riwaya moja kila mwezi. Miezi saba tulikwenda vizuri. Mwezi wa nane nikapendekeza Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka wa 1990, kitabu chembamba ambacho hakikupi njia iliyonyooka wala hakiombi radhi kwa kutokupa. Wenzangu walikuja wamechanganyikiwa, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Mimi nilikuja na kurasa kumi na mbili za maelezo. Nilizungumza kwa saa nzima. Dada mmoja alipoanza kusema kwamba kitabu kilimkumbusha ndoto aliyoota baada ya mazishi ya babake, nilimkatiza ili nimweleze maana halisi. Alinyamaza, akamalizia chai yake, akasema kwa upole, "Kaka, umetuletea mwongozo."

Kufikia Jumatatu watano walikuwa wameondoka kwenye kundi letu la WhatsApp. Baadaye nilisikia kwamba wameunda chama kingine na kwamba Nagona waliisoma upya, bila mimi. Ningependa kuandika kwamba nimeshawasamehe. Ukweli ni kwamba nikipita nje ya hoteli ile huwa ninachungulia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu ni mfupi kuliko hadithi yangu. Chukua riwaya moja, uisome kabla ya kusoma lolote lililoandikwa kuihusu. Usisome utangulizi wa mhakiki. Usome mwishoni ukipenda. Usitafute muhtasari kwenye simu. Ukikutana na ukurasa usioeleweka, usome kwa sauti, kwa maana Kiswahili kilikuwa cha masikio kabla hakijawa cha macho, na mara nyingi sikio hupokea kile ambacho jicho limekikataa. Usiposikia kitu, soma tena. Lakini usiende kwenye mwongozo, narudia, hata ukiwa mezani umefunguliwa.

Nasi wengine tujiulize pia. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 2021, tulishangilia kama jamaa wa bwana harusi, na wengi wetu tukalalamika kwamba anaandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata riwaya yake ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Je, waliolalamika waliinunua? Tunataka kuitwa waandishi, tunataka uzinduzi na picha na watu wa kutupigia makofi, ilhali hatujakaa na kitabu cha mwenzetu hadi mwisho bila mtu wa kututafunia. Tunawacheka watoto wanaokariri, ilhali sisi tunakariri tathmini za mitandaoni. Nasema hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe bado ninazo zile kurasa kumi na mbili, ndani ya droo, na kwamba sijaweza kuzitupa.

Jumamosi hii nitakuwa McMillan saa nne asubuhi. Ukija, nitakuazima Utengano yangu, yenye majina matatu na penseli. Ukifika ukurasa wa 41 utabaki peke yako.