Fundi wa Majiko Anajibu: Tundu la chini au la juu?

SWALI: Nimehamia Leeds, Uingereza. Sebuleni kuna jiko la chuma linalotumia kuni na makaa ya mawe. Lina tundu mbili za hewa: moja chini ya mlango, nyingine juu ya kioo. Nafungua ya chini kama nilivyozoea kwenye jiko la mkaa kule Tanga, moto unavuma na kuni zinakwisha upesi. Usiku nafunga zote mbili ili moto ulale, asubuhi kioo cheusi tii. Nifanyeje?
Msomaji, Leeds

JIBU: Dada, mkono wako bado uko Tanga! Mkaa unataka hewa ipenye kutokea chini. Makaa ya mawe nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana ukawekewa wavu na tundu ile. Kuni zina tabia nyingine: joto lake jingi limo kwenye gesi zinazotoka zikipata moto, na gesi hizo huwakia juu. Hewa ya tundu la juu huteremka ikilamba kioo kwa ndani, inachoma gesi na kuzuia masizi yasigande.

Basi, wakati wa kuwasha fungua zote. Moto ukishashika vizuri, funga ya chini kabisa, kisha bana ya juu kidogo kidogo mpaka ndimi zitulie, ziwe za manjano, zikicheza kivivu. Zikiwa nyekundu za kiza zenye moshi, umebana mno. Ukiongeza ukuni, ifungue tena hadi ushike. Na majivu usiyazoe yote. Kuni hupenda kulala juu yake.

Huo mtindo wa kufunga zote usiku uache kabisa. Kuni zinafuka, moshi unapanda kwenye dohani iliyopoa na kuganda kama lami, na lami hiyo siku moja inawaka humo humo ndani. Tena hapo ndipo kaboni monoksaidi inapozidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba kengele ya kutahadharisha gesi hiyo iko wapi. Tangu 2015 sheria ya huko inamtaka aiweke kwenye chumba chenye jiko kama lako.

Kama moto bado unavuma hata ukibana, jiko likiwa baridi funga mlango ukiwa umebania kipande cha karatasi. Kikivutika bila kushika, kamba inayoziba ukingo wa mlango imechakaa. Badilisha kamba, hata kabla ya kununua kuni nyingine.