Shamba bei poa, umeuliza lilikuwa na nini?

Maswali ya mashamba yamekuwa mengi wiki hii, nayajibu kama yalivyokuja.

Kaka shikamoo. Nimepata ekari mbili Geita bei ya kutupa, jirani kuna karasha (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) la zamani halifanyi kazi. Ninunue?

Marahaba. Bei ya kutupa jirani na karasha mi inanitoa jasho. Hapo watu walisaga mawe wakaosha mwaloni, yaani pa kuoshea unga wa mawe, dhahabu wakainasa kwa zebaki, marudio (mabaki ya unga huo) yakabaki, na mara nyingi marudio hayohayo yanakuja kuoshwa tena kwa sianidi. Sianidi ikipigwa na jua inavunjika, sawa, ila zebaki haivunjiki, na mawe ya dhahabu yenyewe mara nyingi yana arseniki, sumu ambayo yakishasagwa inapata upenyo wa kushuka na mvua. Shemeji aliwahi kunipeleka kuona shamba Chunya, mahindi yamestawi hatari, ila katikati kuna duara halioti hata gugu, muuzaji anasema "mchwa hao". Nikapiga jembe kama futi moja hivi, ukatoka unga wa kijivu laini kama saruji. Mchwa gani wanasaga mawe jamani! Tukapanda boda tukarudi. Kwa hiyo we lizungukie lote kwa miguu, halafu kaa na wazee uwaulize mwalo ulikuwa wapi, dhahabu walichomea wapi (zebaki ikichomwa inaruka kama moshi, nyingine inatua palepale jirani), na mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Kama shamba liko bondeni chini ya karasha, mi nisingenunua.

Maji ya kisima ni meupe, hayana harufu. Nikichemsha si inatosha?

Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Arseniki, floraidi, naitreti, hivyo vyote vinabaki sufuriani, tena maji yakipungua ndo vinakolea. Nenda Arusha upande wa Meru uangalie meno ya waliokulia pale, rangi ya kahawia ya floraidi, na maji yao yalikuwa meupe vilevile. Kikomo cha WHO kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita, arseniki ni 0.01, sasa ulimi gani utaonja hiyo?

Shamba lina josho bovu la ng'ombe, nataka nilibomoe nipande mchicha.

Dada, taratibu. Majosho ya zamani yalitumia dawa ya arseniki, baadaye ikaja toksafini, dawa nyingine ya kupe, ambayo imo kwenye orodha ya mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kudhibiti sumu zinazodumu muda mrefu. Na usiangalie shimo la josho peke yake, angalia pale ng'ombe walipotokea wakasimama kuchuruzika, na pale dawa chakavu ilipomwagwa kila josho likisafishwa. Udongo wa hapo upimwe kivyake, na mchicha uhamie kona nyingine kwanza.

Sampo nachukuaje?

Chupa chukua maabara yenyewe, maana ya kupima metali inawekwa tindikali na ya vijidudu inatakiwa iwe imetakaswa, chupa ya soda uliyosuuza itakudanganya. Pampu iache iende dakika kadhaa yale maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, ndo ujaze, na ya vijidudu iende kwenye barafu ifike siku hiyohiyo. Udongo chota sehemu nyingi, sentimita 20 za juu, uchanganye, ila penye doa, harufu ya oili au kipara pafungie mfuko wake, ukipachanganya na udongo mzuri umepaficha mwenyewe. Waambie unatafuta nini: wasipoambiwa zebaki hawapimi zebaki, utapewa karatasi ya chumvi na uchachu ukashangilia bure. Maabara za maji za serikali zipo mikoani, na Mkemia Mkuu wa Serikali anapokea pia.

Muuzaji kasema nikitaka kupima nilipie kwanza shamba.

Mwambie asante, mpe mkono, ondoka.